Nilivyofukuzwa kazi ya redio kwa kumjibu mtu aliyepiga hodi

Wakuu, habari za majumbani.

Hii niandikayo ni kweli tupu. Anayedhani nazua aje Jomvu Kuu aulize. Mashahidi wengine wako hai bado, ingawa wawili hawasikii vizuri na mmoja ananichukia.

Nimeona kwenye uzi mwingine vijana mnalumbana juu ya hawa wakubwa wanaosimamia vituo vya redio na televisheni. Eti kituo kimefungiwa, eti mtangazaji kaadhibiwa kwa neno alilolisema hewani, eti mambo haya hayajapata kutokea nchi hii.

Nikacheka mpaka meno yakataka kutoka. Na meno yenyewe ni ya kununua.

Nyinyi mnalia na kanuni za leo? Mimi nilifukuzwa kwa neno moja, na neno lenyewe ni "karibu".

Someni polepole, nami naandika kwa kidole kimoja.

Wakati wenyewe ni mwisho mwisho wa miaka ya hamsini. Mzungu bado yuko, uhuru tunausikia kwa mbali, na hali ya hatari ya huko bara imewatia wakubwa kiwewe hata huku pwani. Mimi ni kijana wa Jomvu Kuu, skuli nimekwenda kidogo, na sauti ninayo. Mungu alinipa sauti, sura akampa ndugu yangu.

Kule mjini kisiwani, ng'ambo ya maji kutoka kwetu, palikuwa na kituo cha redio. Jina nalificha, wenyewe wana wajukuu. Walitaka kijana wa kusoma taarifa kwa Kiswahili cha mwambao kilichonyooka. Nikaenda, nikasomeshwa karatasi mbele ya kioo, wakanichukua palepale. Mamangu alichinja jogoo aliyekuwa akimwekea Idi.

Sasa mkubwa wetu pale alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, tukimwita Bwana Muhuri. Si kwa kumdharau. Kazi yake hasa ilikuwa kugonga muhuri. Kila karatasi ya kusomwa hewani hutafsiriwa kwanza, yeye aisome, akune kichwa, agonge muhuri, ndipo msomaji apewe. Neno lisilo na muhuri halipiti kwenye maikrofoni.

Kanuni zilibandikwa ukutani mle studio. Usiseme kisichoandikwa. Usimtaje mtu asiyeandikwa. Usipeleke ujumbe wa mtu binafsi. Na hii ndiyo iliyonimaliza mimi: usimsalimie yeyote.

Ndiyo, wakuu. Salamu ilikuwa marufuku.

Serikali ilihofu kwamba mtu wa siasa atapenyeza alama ndani ya salamu. Ukisema "nawasalimu watu wa Kisauni", wao washawaza kuna bunduki Kisauni. Kwa hiyo ukiingia hewani unasema, "Hii ni taarifa ya habari." Unasoma. Unasema, "Mwisho wa taarifa." Basi. Huulizi hali ya mtu wala humuagi mtu.

Mimi sikuona tabu. Kazi ni kazi.

Ila nyumbani nilikuwa na jambo langu.

Palikuwa na msichana, Zuhura binti Athmani, wa mtaa wa chini karibu na msikiti. Kumuona nilimuona mara chache, tena kwa mbali. Lakini siku moja napita njia ya nyuma ya kwao nikamsikia akimkemea mbuzi aliyeingia shamba la mihogo. Wallahi, jinsi alivyomkemea yule mbuzi, kwa mpango, kwa hoja, mbuzi akatoka kichwa chini, nikajua huyu ndiye.

Ami yangu, ndugu wa babangu, Ami Shee, akapeleka posa. Babake msichana, Mzee Athmani, akapokea vizuri, akasema, "Tumesikia. Tutawapa jawabu."

Wanaojua mambo ya kwetu wanajua "tutawapa jawabu" maana yake nini. Maana yake unaanza kuangaliwa. Unavyokwenda, unavyokula, unavyoingia msikitini, unavyowasalimia wakubwa. Na Mzee Athmani katika kuangalia watu hakuwa na mpinzani. Adabu kwake ilikuwa kama mpira ulivyo kwa wengine. Alikuwa haingii hata chooni kwake mwenyewe bila kukohoa kwanza mlangoni.

Huyu Mzee Athmani alikuwa na redio. Ilikuwa ya betri, kubwa, imewekwa ukumbini ndani ili isiharibike na umande. Jioni wanaume hukaa barazani nje ya dirisha, wanawake hukaa mle ukumbini na redio yenyewe, pazia katikati. Mtaa mzima ukisikiliza pale.

Siku yangu ya kwanza hewani, kabla ya magharibi, walijaa. Mamangu alikwenda amejitanda leso mpya.

Nikasoma. Nilisoma, wakuu! Chanjo ya ng'ombe niliisoma utadhani ni habari za peponi. Bei ya korosho, kujaa na kupwa kwa maji bandarini, "Mwisho wa taarifa." Bwana Muhuri nyuma ya kioo akatikisa kichwa kuridhika.

Nikapanda basi kurudi Jomvu Kuu nikiwa nimevimba kichwa. Nilijua nikifika nitabebwa.

Kufika barazani, hakuna aliyeinuka. Natoa salamu, wanaitikia kwa shingo upande. Naingia kwetu, namkuta mamangu ameketi kitandani, leso mpya ameivua, amevaa ile ya msibani.

"Mwanangu," akaniambia, "ndivyo nilivyokulea?"

"Kwani nimefanya nini, mama?"

"Umeingia nyumbani kwa watu bila hodi."

Sikumuelewa. Akanieleza. Eti wanawake wamejikalia ukumbini mle, Bi Mwanakombo, shangazi yake Zuhura, anasukwa, nywele nusu ziko juu nusu chini, mara sauti yangu hiyo imetokea katikati yao! Sikubisha hodi, sikutoa salamu, wala sikukohoa. Wanawake wakaanza kunyang'anyana leso kujifunika. Mimi nikawaeleza habari za ng'ombe, halafu nikatoka bila kwaheri.

"Mama, ile ni redio! Mimi siko mle!"

"Sauti si yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

Nikamuuliza, mbona wasomaji wengine siku zote hawapigi hodi na hakuna aliyelalamika? Akanitazama kwa huruma.

"Wale hatuwajui, huenda hawakufunzwa. Wewe watu wakujua ulikotoka. Mzee Athmani amesema, 'Huyu ndiye ataka kuwa mkwe wangu?' Akaizima redio mbele ya watu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nampenda Zuhura kweli, kwa sababu hata jogoo wa Idi aliyebaki sufuriani sikumtamani.

Kesho yake nikaenda barazani kujitetea. Nikaeleza kwa upole kwamba serikali imekataza. Salamu ni marufuku redioni.

Mzee Athmani akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Serikali yakataza wizi," akasema. "Yakataza kugema bila ruhusa. Hayo nimesikia. Salamu? Serikali gani duniani itakataza mtu kumsalimia mwenziwe?"

Watu wote barazani wakatikisa vichwa. Kwa hiyo sasa nina makosa mawili, jeuri na uongo.

(Naona mmoja ameshaandika hapo chini "mzee fupisha". Sifupishi. Wewe una haraka ya kwenda wapi na uko kitandani na simu?)

Nikamwendea Bwana Muhuri. Nikamwomba ruhusa ya maneno mawili tu, "Assalamu alaikum," kabla ya taarifa.

"Unamsalimia nani?" akauliza.

"Wote, bwana."

"Wote kina nani?"

"Wanaosikiliza."

Akawaza sana. "Na wao watafanya nini?"

"Wataitikia."

"Wapi?"

"Majumbani mwao."

Akainama mbele kidogo kitini. "Sasa sisi tutajuaje walichojibu?"

Fikirini, wakuu. Mtu ana mamlaka juu ya redio ya pwani nzima, na anahangaika kwamba bibi mmoja Jomvu Kuu ataitikia salamu bila yeye kuipitisha. Ombi likakataliwa.

Aliyenitoa, au niseme aliyenizamisha, ni Ami Shee. Ami yangu alikuwa mtu wa akili nyingi zisizo na breki.

"Kanuni yasema usiseme," akaniambia. "Yasema pia usikohoe?"

Haikusema.

Kwetu, mwanamume akikaribia mahali penye wanawake, akijikohoza kidogo imetosha. Wanawake wanajua kuna mtu, wanajifunika, anapita. Hodi ya mtu asiyeweza kupiga hodi.

Jioni ile nikakaa mbele ya maikrofoni, taa nyekundu ikawaka. Nikafanya, "Ehem!"

Halafu, "Hii ni taarifa ya habari."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mle ukumbini palitokea nderemo. Leso zikavutwa vichwani kwa taratibu, kwa heshima, na Bi Mwanakombo akasema, "Afadhali, kumbe asikia." Mzee Athmani safari hii redio hakuizima. Mimi nilipofika nikakaribishwa kahawa. Nililala vizuri siku zile.

Sasa nyuma ya kioo kule, Bwana Muhuri alikuwa ana masikio.

Akaniita ofisini. Mezani ana karatasi, ameandika vikohozi vyangu vyote. Siku fulani kakohoa kifupi. Siku fulani kakohoa kirefu. Siku moja nilikohoa mara mbili, kwa sababu kweli nilipaliwa na mate, na siku hiyo taarifa ilikuwa ya kivuko cha Likoni. Akataka kujua kivuko cha Likoni kina nini.

Nikamweleza habari za hodi, za leso, za Bi Mwanakombo na nywele zake. Karani akatafsiri. Bwana Muhuri akasikiliza hadi mwisho, kisha akaandika barua Nairobi kuuliza msimamo wa serikali juu ya kikohozi.

Jibu likaja. Na hapa ndipo nawaambia, msiwacheke wakubwa wa leo peke yao. Nairobi hawakukataza. Walisema kikohozi kinaweza kuruhusiwa ikiwa kimeandikwa, kimepimwa, na kinafanana kila siku. Na ili kisilete maana yoyote ya siri, kiwekwe mbele ya kila habari, si ya kwanza tu.

Kwa hiyo karatasi yangu ikawa hivi: "Msomaji akohoe mara moja." Chanjo ya ng'ombe. "Msomaji akohoe mara moja." Bei ya korosho. "Msomaji akohoe mara moja." Maji bandarini. Na muhuri mkubwa juu.

Wakuu, sijui kama kuna mtu mwingine pwani hii aliyewahi kukohoa kwa idhini ya serikali. Nadhani ni mimi tu.

Ikabidi nikohoe. Taarifa ndefu nilikuwa namaliza koo limechubuka.

Na kule ukumbini, Bi Mwanakombo akaanza kuhesabu upya.

"Kikohozi cha hodi nakijua mimi," akasema. "Hodi ni moja. Huyu kijana akohoa katika ng'ombe, akohoa katika korosho, akohoa katika maji. Hicho ni kifua."

Siku zile, vijana, neno "kifua" likisemwa hivyo watu husogeza mikeka. Kifua kikuu kilikuwa kinaogopwa. Nikaenda barazani, nikaona kikombe changu cha kahawa kimewekwa peke yake pembeni. Mamangu akaniletea asali na tangawizi kisha akaenda chumbani kulia. Niliwaambia mimi mzima, kikohozi ni cha kuandikwa. Wakatazamana. Mwongo, jeuri, na sasa mgonjwa, tena ugonjwa umempanda akilini.

Ujumbe wa Mzee Athmani ukamfikia Ami Shee: hatampa binti yake mtu wa kwenda kuuguza.

Nikamkimbilia Bwana Muhuri. Nikamsihi, nikamwambia bwana, kifute hiki kikohozi, sikitaki tena, nimekoma.

Akasikitika kikweli. Akasema kikohozi kimeshapitishwa Nairobi, yeye hana uwezo wa kukiondoa. Nikisoma bila kukohoa nitakuwa nimeruka sehemu ya taarifa.

Nikajaribu kukohoa kwa afya. Nikajaribu kukohoa kikohozi cha mtu mnene, mwenye mali. Ikawa mbaya zaidi. Siku ile, naambiwa, Bi Mwanakombo alisema, "Kimefika kwenye mapafu."

Ami Shee ndiye aliyekwenda kunipigania. Na hili mimi sikulijua mpaka baadaye. Alikwenda akamwambia Mzee Athmani, "Kijana si mgonjwa wala si mwongo. Amekatazwa salamu, wallahi amekatazwa."

Mzee Athmani akafikiri, akasema, "Basi nitakwenda mwenyewe nikaone. Nikikuta kweli amekatazwa, nitamuomba radhi. Nikikuta ameniongopea, posa yenu mtarejeshewa, na jawabu hilo halitabadilika."

Hakuniambia mtu.

Alasiri moja akavaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe si Ijumaa, akatupa joho mabegani, akachukua bakora, akapanda basi la kisiwani. Mlangoni mwa kituo askari alimuona mzee wa namna ile akadhani ni kadhi, akampisha. Akapanda ngazi taratibu mpaka mlango wa studio. Juu ya mlango taa nyekundu inawaka.

Taa nyekundu kwake ilikuwa taa nyekundu tu.

Mimi ndani nasoma. Nimeshakohoa, niko kwenye tangazo la mbwa.

"Kila mwenye mbwa katika maeneo ya Changamwe, Kisauni na Likoni anatakiwa kumfunga mbwa wake..."

"Hodi!"

Nikajua nimesikia vibaya. Nikaendelea. Bwana Muhuri nyuma ya kioo akainua uso.

"...na mbwa yeyote atakayeonekana anazurura bila kufungwa..."

"Hodi hapa!"

Sauti ile naijua. Bwana Muhuri akawa ananipungia mkono, soma, soma, endelea kusoma.

Sasa nyote mnajua hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu muungwana hugeuka akaenda zake, na Mzee Athmani asingerudi tena. Angepanda basi lake akifika Jomvu Kuu aseme, "Nimempigia hodi, akanisikia, akaninyamazia." Posa ingerudi jioni ile ile. Zuhura angeolewa na mtu mwingine, pengine mtu wa Mtongwe.

Nikaitazama karatasi. Haina neno la kumjibu. Nikamtazama Bwana Muhuri. Mkono wake sasa unapita shingoni, kunionya. Mshahara ule ndio uliokuwa ukitulisha nyumba nzima, na mamangu alishazoea kuambiwa "mama wa redio".

"...atakamatwa na kupelekwa..."

"Hodi kwa mara ya mwisho!"

"Karibu!" nikapiga kelele. "Karibu mzee wangu, ingia! Shikamoo!"

Mlango ukafunguka.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akavua viatu. "Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, ashukuru."

"Ami yako?"

"Hajambo, akusalimu."

Wakuu, nyinyi mnaijua salamu ya mzee wa pwani ilivyo. Haina njia ya mkato. Akaniuliza mbuzi. Akaniuliza paa la nyumba yetu, lile lililovuja. Bwana Muhuri kule nyuma anagonga kioo kwa ngumi zote mbili, na kioo kile hakipitishi sauti, kwa hiyo Mzee Athmani alimwona akampungia mkono kwa adabu, akidhani naye asalimia.

"Na kifua?" akaniuliza. "Kifua chaendeleaje?"

"Kizima, alhamdulillahi," nikasema. "Mimi siumwi, mzee. Kikohozi ni cha serikali."

Hewani! Kuanzia Vanga hadi Lamu, kote kunakofika mawimbi yale, serikali ikatangazwa ina kikohozi.

Mzee Athmani akaiona maikrofoni. "Hiki ndicho kiingiacho nyumbani kwangu?"

"Ndicho."

Akaisogelea, akajisafisha koo, akasema kwa sauti yake yote, "Assalamu alaikum!"

Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba Jomvu Kuu waliinuka. Baraza zima, ukumbi mzima, wote kwa pamoja, "Wa alaikumu ssalamu!" Mamangu aliniambia hata mtu wa kahawa aliweka buli chini akaitikia.

Hapo Bwana Muhuri akaipata swichi, akatukata, akaweka santuri. Kwa haraka aliyokuwa nayo akaiweka kwa mwendo usio wake, na watu wa pwani jioni ile wakasikiliza muziki wa kijeshi wa Waingereza ukienda mbio kama kuku anayefukuzwa.

Nilifukuzwa nikiwa bado nimeshika karatasi ya mbwa. Bwana Muhuri alimuuliza karani, "Huyu mzee alitaka nini?"

"Kusalimia, bwana."

"Tu?"

"Tu."

Hakuamini. Aliyaandika mazungumzo yote yapelekwe Nairobi yakachunguzwe. Kwa hiyo palikuwa na mtu Nairobi aliyeajiriwa kutafuta siri iliyomo ndani ya "na lile paa lenu je?" Namuonea huruma hadi leo.

Tukatoka na Mzee Athmani, tukapanda basi. Tukavuka Makupa, tukatoka kisiwani. Tukafika Changamwe. Mimi nimeshika kofia mkononi, sina kazi, sijui nina mke au sina.

Tulipokaribia kushuka akasema, "Kumbe kweli."

"Kweli, mzee."

"Salamu hasa?"

"Salamu hasa."

Akatikisa kichwa. Kisha mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia. Anacheka! Alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya joho. Halafu akanigeukia, uso umerudi ule ule.

"Nimekutilia unga wako mchanga, mwanangu. Uniwie radhi. Lakini sasa huna kazi."

"Sina, mzee."

"Ijumaa baada ya sala uje kwangu kusikia jawabu. Usimlete ami yako. Uje wewe, mwili na sauti pamoja, upige hodi kwa mdomo wako."

Ijumaa ile nilioga mara mbili. Nikaenda. Barazani hapana pa kuweka mguu, mtaa wote umekuja kutazama. Mlango umefungwa. Nikasimama.

"Hodi!"

Kimya.

Wakuu, kimya kabisa. Nasikia watu wanavuta pumzi ndani. Nilikuja kujua kwamba Mzee Athmani ameamuru mtu yeyote asijibu. Mimi nilimsimamisha mlangoni, na mimi nisimamishwe.

"Hodi hapa!"

Kimya. Mtoto akacheka ndani, akazibwa mdomo. Nje watu wanaanza kunongona. Mmoja akasema, "Amekataliwa huyo." Jasho linanitoka kanzuni. Niliwaza nikipiga ya tatu nisijibiwe, itabidi nigeuke, na nikigeuka imekwisha mbele ya watu wote hawa. Nisipoipiga, bado nina Zuhura kidogo. Nikasimama tu, mdomo wazi, ile sauti yangu ya redio haipo.

Mara ikasikika sauti kutoka ndani. Si ya Mzee Athmani, wala si ya Bi Mwanakombo. Ni ile iliyomtoa mbuzi kwenye mihogo.

"Karibu! Kila siku waingia bila hodi, leo wangoja n'ni?"

Baraza likalipuka. Bi Mwanakombo akapiga ukelele kwa aibu, msichana kujibu hodi ya mposaji wake kwa mdomo wake mwenyewe! Nikamsikia Mzee Athmani ndani akisema, "Haya, jawabu mushalisikia. Mfungulieni."

Nikaingia. Sikumbuki hata mlango nilivyoupita.

Kazi nilipata nyingine, ghala moja kule Changamwe, nikaifanya hadi kustaafu. Hapakuwa na maikrofoni na hapakuwa na mtu wa kugonga muhuri midomoni mwa watu.

Funzo langu mimi ni hili. Kusimamia redio si vibaya, hata sasa kuna watangazaji wangefungwa vitambaa mdomoni ningeshukuru. Ila mtu akitaka kuandika kanuni ya kusema na watu, kwanza akae nao barazani ajue wanasemaje. Bwana Muhuri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasimamia nyumba ambazo hajawahi kuingia hata moja.

Sasa nipeni hukumu, wakuu. Nilikosea mimi, alikosea Bwana Muhuri, au alikosea Mzee Athmani aliyekwenda kumtembelea mtu kazini kwake? Watu wa Jomvu, Mikindani, Kisauni, mliopata kuisikia siku ile kwa wazee wenu, semeni mlivyohadithiwa.

Zuhura yuko hapa kando anasoma juu ya bega langu. Asema nimedanganya mahali pamoja tu. Asema hakumkemea mbuzi. Mbuzi alishatoka kitambo, yeye alikuwa ameniona mimi nyuma ya ua, na aliyekuwa akikemewa ni mimi.